Huyu Asitumwe, Anasoma

Ndinda, mwaitu,

Uko upande wa pili wa ukuta huu, kwa Mama Njoki, unasukwa nywele za safari. Mimi nimeketi juu ya kitanda chako kwa sababu viti vyote vimebeba mizigo yako. Mama yako ameenda kanisani kuwaambia tena wale aliowaambia Jumapili kwamba kesho unaenda chuo kikuu, Eldoret, kusomea kompyuta. Nimepata nafasi ya kukuandikia kabla nywele hazijaisha, na kwa jinsi Mama Njoki anavyosuka huku akiongea, nafasi ninayo.

Sitakuambia uvae sweta. Hayo mama yako ameshayasema, kisha akakutumia tena kwa meseji ukiwa umeketi mbele yake. Mimi nataka kuzungumza habari ya mlango.

Kila nikijaribu kufunga zipu ya lile sanduku naona mlango. Ni mlango wa hosteli ambayo sijawahi kufika. Wewe uko ndani unaumwa, nje kwenye korido wasichana wanapita wakicheka, nawe umeshika simu. Hofu yangu yote ni hiyo. Masomo yako hayanitishi. Wavulana wananitisha kidogo, lakini wavulana huwa wanagonga wenyewe. Ninachoogopa ni kwamba siku ukipatwa na shida hutagonga mlango wa mtu. Naogopa kwa sababu ilishatokea, na kwa sababu mimi ndiye niliyekulea hivyo.

Kazi yangu unaijua. Kibanda karibu na korti za Makadara, mashine ya fotokopi, kompyuta moja kuukuu, na benchi la wateja. Sheria sikuisoma mahali popote, nimeiokota kwa kuipiga chapa. Watu hudhani nauza karatasi, lakini kwa ninavyoona mimi, wanaofika kwenye lile benchi ni watu walioshindwa kuambiana kitu. Kuna majirani wawili wa huko Dandora walikuja siku moja, mmoja asubuhi, mwingine baada ya chakula, kila mmoja na malalamiko yake kuhusu kamba ya kuanikia nguo. Niliwaandikia wote kwa kompyuta ile ile. Nikamuuliza yule wa pili, "Lakini mama, umemwambia jirani yako asogeze kamba?"

"Nimwambie nini? Tutaonana kwa korti."

Nyumba zao zinagusana.

Nilikuwa nakuletea hadithi kama hizo jioni tukicheka, mimi nikijiona mtu aliyewaelewa binadamu. Nilikuwa nawaelewa wa Dandora.

Mimi nilizaliwa hapa hapa Ziwani, kwenye nyumba hizi hizi za mstari, na wakati huo mtoto alikuwa wa kutumwa. Mtu mzima yeyote aliyekuona umesimama aliona miguu isiyo na kazi. "Wewe, mtoto wa Mutua, kuja hapa." Unaenda. Unatumwa kitunguu, unatumwa kuazima jiko, unatumwa kuuliza kama mgeni wa fulani ameshaondoka ili watu wapike vizuri. Nilichukia kutumwa. Kuna siku nilijificha kwenye choo cha mtaa, na humo humo ndani nikatumwa maji na mtu wa choo cha pili.

Nyanya yako, ambaye jina lake ndilo lako na ndiyo maana nakuita mwaitu, yaani mama yangu, aligombana na jirani anaitwa Mama Rehema kuhusu zamu ya kuteka maji mferejini. Wakaacha kuongea kabisa. Shida ni kwamba Mama Rehema ndiye aliyekuwa na kikaango cha chapati. Basi nikatumwa. Wao wenyewe wamesimama kila mmoja mlangoni pake, wanaonana mpaka kope, na mimi katikati.

"Mwambie mama yako kikaango changu si cha mtaa."

Nageuka. "Mama, anasema bado anakitumia kidogo."

"Mwambie huyo mwanamke mimi nilimpa ungo wangu akaurudisha na tundu."

Nageuka tena. "Mama anakusalimia. Anauliza kama ule ungo ulikufaa."

Walinisikia wote wawili. Walijua nachuja maneno, na kila mmoja alijua mwenzake anajua. Mama Rehema akabana midomo asicheke, akaingia ndani, akatoka na kikaango. "Peleka, wakili." Chapati zilipoiva nikatumwa kumpelekea mbili, na ugomvi ukaishia hapo bila mtu kuomba msamaha.

Kumbe nilikuwa nasoma. Nilijifunza kuangalia uso kabla ya kufungua mdomo. Nilijifunza kuuliza habari ya mguu wa mgonjwa kabla ya kuomba unga. Nilijifunza kunyimwa kitu na kurudi nyumbani nikiwa mzima. Lakini wakati huo sikujua kama ni elimu. Nilijua tu kwamba wenzangu wanacheza mpira.

Wewe ulipokuwa shule ya msingi, mradi fulani ukaleta vile vishikwambi, kama wanavyoviita kwenye taarifa ya habari. Kila mtoto chake, na vidude vya masikioni. Nilikuja siku ya wazazi nikasimama mlangoni mwa darasa lenu. Mwaitu, sijaona darasa lililotulia namna ile. Letu sisi lilikuwa soko, na ukikosea hesabu mwalimu alikuchapa, halafu wenzako wakakucheka mpaka shule ifungwe. Hapa mtoto alikosea, kioo kikamwambia jaribu tena, kikangoja. Hakikununa. Hakuna mtu mwingine aliyejua. Nilisimama pale nikatamani kuzaliwa upya.

Mwalimu Achieng akaniita kando. "Baba Ndinda, alama zake ni nzuri sana. Lakini wakati wa chakula anakaa peke yake. Nikiwaweka kwa vikundi, anangoja wenzake wamalize kuongea, halafu anafanya kazi yote yeye."

"Anaikosea?"

"Haikosei."

"Basi mwalimu, sikumleta hapa aje kula na watu."

Nilidhani nimesema jambo la maana. Nililirudia kwenye benchi langu Makadara na wateja wote wakanikubali. Lakini nilikuwa bado sijawapa karatasi zao.

Yule mwalimu alikuwa ameona mapema. Mashine haikuwa na kosa lolote, na ningekuwa na uwezo ningekununulia nyingine bora zaidi. Ilikufundisha vitu ambavyo mimi na mama yako hatungeweza hata kuvitamka. Kosa ni kwamba niliona ile subira yake, ule ukimya wake, nikadhani hiyo ndiyo hali nzuri ya mtoto. Nikaamua kuileta nyumbani.

Sijui kama unakumbuka. Ulikuwa mezani na hesabu zako kwenye simu yangu. Mama Njoki akaita kutoka nje, "Ndinda! Kuja nikutume!" Ukanyanyuka upesi. Kiatu kimoja ulikuwa umeshavaa. Nikakuambia keti, nikatoka mwenyewe.

"Mama Njoki, huyu asitumwe. Anasoma."

"Ni nyanya mbili tu za hapo kona, Baba Ndinda. Kwani kutumwa ni ugonjwa?"

"Asitumwe na mtu yeyote. Waambie na wengine."

Akaniangalia, mwiko mkononi. "Haya. Tumesikia."

Walisikia kweli. Kabla ya giza kuingia, watoto wa mstari wetu walikuwa wamekupa jina. "Niaje, Asitumwe!" "Asitumwe, sasa!" Ulirudi ndani ukiwa umeinamisha kichwa. Ulidhani wanakucheka wewe. Mwaitu, walikuwa wananicheka mimi, ila wewe ndiye uliyekuwa karibu. Ukaacha kutoka nje. Nikaona umeacha kutoka, nikamwambia mama yako, umeona vile mtoto ametulia?

Sasa nije kwa siku ile ya tumbo. Hatujawahi kuizungumza vizuri. Tumeizungumza kama watu wanaosimulia mvua.

Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, uko nyumbani unangoja matokeo. Mama yako alikuwa Kitui kwenye matanga. Mimi nilikuwa Makadara, stima zikapotea, simu yangu ikazima, na nikafurahi kidogo maana kuna mteja alikuwa ananisumbua. Mchana nikamwona Njoki, binti yake Mama Njoki, anashuka kwenye pikipiki mbele ya kibanda. Unajua neno la kwanza alilosema? Hakusema njoo haraka, hakulia. Alisema, "Baba Ndinda, Ndinda yuko hai, amefika hospitali. Mama amesema uje na kadi yake ya hospitali, iko wapi nikuchukulie?" Rika lako yule. Nilipanda pikipiki, akili ikiwa imeshikiliwa na lile neno la kwanza. Mtoto aliyetumwa maisha yake yote anajua lipi litangulie.

Hospitalini nikaweka simu kwenye chaji, meseji zako zikaingia kwa mpigo. Bado ninazo.

"Baba tumbo linauma."

"Baba uko?"

"Ni upande wa kulia chini. Nimesoma. Nafikiri ni kidole tumbo."

"Inasema niende hospitali mara moja."

"Baba."

Ulikuwa umelijua jina la ugonjwa kabla ya daktari. Daktari mwenyewe alishangaa. Na wakati unaandika hayo yote, Mama Njoki alikuwa nje ya mlango wetu akipika chapati za kuuza, radio imewashwa, unamsikia akiimba. Kati yenu kulikuwa na mlango huu ninaoutazama sasa hivi. Kilichokuokoa ni maji. Maji ya mfereji yalirudi, watu wakatoka na mitungi, mitungi yetu ikabaki imesimama peke yake, na Mama Njoki akaona si kawaida. Akaja kuita, "Ndinda, maji!" Kimya. Akasukuma mlango.

Nilimkuta kwenye benchi la hospitali, unga bado uko mikononi. Nikamshukuru, kisha nikafanya ujinga, nikamuuliza kama hakusikia kitu.

"Ningesikia nini? Huyu mtoto hakulia. Amekaa na uchungu tangu asubuhi na mimi niko hapo nje, Baba Ndinda. Hapo nje!" Halafu akashusha sauti. "Lakini wewe ndiye ulituambia tusimsumbue."

Nikaenda kumtafutia maji ya kunawa ule unga. Nilikuwa mtu wa kuwaandikia wengine majibu.

Ulipozinduka baada ya kupasuliwa nilikuuliza kwa nini hukumwita. Nilikuuliza kwa ukali, nisamehe, ilikuwa ni woga. Ukaangalia ukuta. "Ningemwambia nini, Baba? Hatujawahi kuongea. Sikujua nianze vipi."

Hilo ndilo neno ambalo sijaweza kulitoa kichwani. Sikujua nianze vipi. Msichana aliyejua kidole tumbo kiko upande gani.

Baada ya hapo nikaanza kukutuma, na uliniona kama mtu aliyechanganyikiwa. Nilikutuma kitunguu, ukamtumia mwenye duka meseji, ukamlipa kwa simu, akakileta mlangoni na salamu zake kwangu. Kazi ilifanyika, nikakosa pa kushika. Nilikutuma umpelekee Mama Njoki bakuli la githeri. Uliliweka mlangoni pake, ukagonga, ukarudi mbio, ukamwandikia, "Chakula kiko mlangoni." Mama Njoki alicheka mpaka akakaa chini. Aliniambia, "Baba Ndinda, nimeletewa chakula na jini." Mimi pia nilicheka, kisha nikaingia ndani na sikuweza kula.

Siku moja nilikuambia huna marafiki. Ukanijibu kwa upole, "Ninao, Baba."

"Wako wapi?"

"Wako."

Nikakuona baadaye umeinamia simu unacheka, vidole vinakimbia, na nikajua husemi uongo. Kuna watu huko ndani ambao unawafurahisha kwa maneno, na mimi sijawahi kuyasikia maneno hayo. Labda wewe ni mcheshi kunishinda. Labda dunia unayoenda watu hugonga kwa vidole, na mimi ni mzee anayelilia mlango wa mbao. Nimelifikiria hilo sana, na ningependa liwe kweli, maana hofu yangu ingeisha leo. Lakini wale wenzako wa kwenye simu, mwaitu, siku ile ya tumbo uliwaandikia pia. Uliniambia mwenyewe. Mmoja alikuwa Kitale, mwingine sijui wapi. Walikuandikia pole. Walikuonea huruma ya kweli. Hakuna aliyekuwa na mkono wa kusukuma mlango.

Nimesimamisha kalamu kidogo. Nimesikia kitu ukutani.

Muda wote huu Mama Njoki amekuwa akiongea peke yake, habari ya harusi ya mpwa wake, habari ya bei ya mafuta, na wewe kimya, nami nimekuwa nikihesabu ukimya wako badala ya kuandika. Sasa hivi umesema, kwa ile sauti yako ndogo, "Mama Njoki, unanivuta."

Naye ameacha harusi katikati. "Heh! Kumbe inauma? Na umekaa hapo tangu nianze! Si useme, msichana! Mimi nitajuaje? Kichwa ni chako."

"Nimesema."

"Umesema sasa!"

Halafu nyote mmecheka. Wewe pia. Nimekusikia kwa masikio yangu, na nimelazimika kuangalia dari kidogo.

Sitaki kulifanya kubwa. Ni nywele tu. Kesho jioni utakuwa mahali ambapo hakuna anayejua kwamba unaitwa Asitumwe, na hofu yangu itakuwa imepanda basi pamoja nawe bila tiketi. Nitakutumia meseji, nitajifanya nauliza habari ya baridi. Ukijibu "niko sawa", sitaamini, lakini nitajibu "vizuri".

Kwa hiyo nimefanya ujanja, na heri uujue kutoka kwangu kabla hujafungua sanduku. Mama yako aliweka chumvi. Mimi nimeitoa. Nimeificha chini ya kitanda hiki nilichokalia, na akiikuta kabla hujaondoka nitakana.

Najua unaweza kuagiza chumvi kwa simu ikaja kabla maji hayajachemka. Nakuomba usiagize. Siku ya kwanza utakayopika, chukua kikombe, toka kwenye korido, usikilize ni mlango gani una sauti za watu, ugonge. Akifungua, sema, "Naitwa Ndinda, nimehamia hapo karibu, sina chumvi." Uliniambia hujui uanze vipi. Anza hivyo. Akikupa, muulize jina. Akikunyima, au akikuangalia vibaya, rudi ukale chakula bila chumvi, na kesho yake ugonge mlango mwingine. Utakuwa umenyimwa, na utaona kwamba bado uko mzima. Hilo nilipaswa kukuachia ulijifunze kwa zile nyanya mbili za hapo kona.

Si kwa ajili ya chumvi. Ni ili siku ile nyingine, ile ninayoiona kila nikifunga zipu, mlango wa jirani uwe umeshaugonga kwa jambo dogo.

Na sukari nimeweka nyingi kuliko utakavyoweza kunywa. Mama yako anadhani nimekosea. Hiyo ni ya watakaokuja kukugongea wewe. Ukisikia hodi, usimwandikie mtu meseji kwamba kuna mtu mlangoni. Fungua.

Nilikuwa na mengi ya kuongeza, nilikuwa nimeyapanga, lakini nywele nadhani zimeisha. Nasikia kiti kinasogezwa. Mama Njoki anakuambia ujiangalie kwenye kioo, anakuambia wasichana wa Eldoret watakuuliza ni nani amekusuka, uwaambie. Sasa anasema uzi mweusi umemwishia na kuna mteja mwingine anamngoja. Anasema, kwa sauti ambayo najua kabisa anataka ipite ukutani inifikie, "Ndinda, kuja nikutume."

Nimeweka kalamu chini nikasikiliza.

Unatafuta viatu.

Safari hii sitoki nje.

Baba yako